Tai Badala ya Lifti

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kuhariri shairi la Bibi Dobi. Alinitamkia, nikaandika mimi, maana macho yake yamefifia. Miaka ishirini alifua nguo kwenye jengo la ghorofa nane, zama zile lifti ilikuwa ya Wazungu tu. Weusi ngazi ya nyuma, hata ukiwa na tenga la mashuka kichwani. Mbwa wa Mzungu alipanda lifti! Ubeti wa mwisho uhuru umekuja: anaingia ndani ya lifti, anabonyeza nane, anashuka, anabonyeza tena. Mchana kutwa. Nilicheka, kisha nikalia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya jambo. Kitabu litakamochapwa ni cha shule, nikajiambia wanafunzi watauliza lifti ina ushairi gani. Na yule mbwa—wazazi watakuja juu. Basi ngazi nimezigeuza minyororo. Lifti nimeigeuza tai anayepaa. Mbwa nimemfuta kabisa. Mkubwa wangu kasema sasa ndiyo limekuwa shairi. Lakini hakuniamuru mtu, kalamu ilikuwa yangu. Kesho nitamweleza Bibi.

Jumanne, 22 Aprili
Sikumweleza. Kesho imezaa kesho. Vitabu vimetoka kiwandani. Ukurasa wa 41, jina lake liko chini ya tai ambaye hajawahi kumtia machoni. Mume wangu anasema mistari miwili mitatu haiui mtu, nilale. Yeye kalala.

Ijumaa, 25 Aprili
Bibi Dobi kaja ofisini, viatu vimepigwa rangi. Kapapasa jalada, kanusa karatasi. "Nisomee, mwanangu."
Nikapachika ile karatasi yenye shairi lake la mwanzo katikati ya kitabu, nikasoma ngazi, mbwa, lifti—yote. Mwongo mkubwa mimi! Kila mstari anaitikia kwa kichwa. Halafu kasema, watu wamezoea kutuimbia minyororo. Yeye mnyororo aliuona shingoni mwa yule mbwa tu. Kacheka mpaka kakohoa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.
Anataka nikamsomee tena Jumapili kwake. Wenzake wa ngazi ile wamebaki watatu. Nikasema nitakuja. Ulimi hauna mfupa.

Jumapili, 27 Aprili
Naandika chooni kwa Bibi Dobi, nimekalia ndoo iliyofunikwa. Aibu gani hii! Nilikuja nimekata shauri kusema ukweli. Nikawakuta vikongwe sebuleni na nguo zao za sherehe, nikasingizia tumbo. Karatasi ninayo mkobani. Kitabu nimekiacha mezani—mjinga mimi!
Mmoja wao baadaye alikuja kuwa nesi, ana miwani. Namsikia anasoma: "Minyororo mikononi mwangu..." Kaurudia mstari huo. Kaendelea mpaka kwa tai. Mwingine kauliza, tai gani huyo, mbona sisi tulikuwa tunabeba mashuka.
Sasa Bibi Dobi. Hakasiriki. Afadhali angekasirika! Anamwambia nesi hilo si lake, amekosea ukurasa, au miwani yake imezeeka kama yeye mwenyewe. Funga kitabu, anasema, tumngoje mwanangu atoke, yeye ndiye anayejua kulisoma.
Wanangoja. Mtu anabisha mlango polepole, anauliza kama nataka maji ya uvuguvugu.