Kisiwa, Fisi Maji na Samaki za Bwana

Jumatatu, 5 Februari 1934

Nimesugua kibuyu asubuhi. Makaa ya kichaka ya senetwet, ya kupaka ndani, imeisha. Bila hiyo makaa mursik si mursik, ni maziwa tu imelala. Nikavuka mto kukata ingine kisiwani. Kipsonoi imeshuka, maji ya magoti.

Mama Atieno anasema niweke siku juu, ndio hasira ya leo isiingie kwa ya kesho. Yeye ni bibi ya karani, mtu wa kule ziwani. Ndiye ana kalamu, mimi nasema, yeye anaandika. Kipsigis hajui, kwa hivyo tunaongea Kiswahili, yangu na yake, zote mbovu.

Kisiwa ni kidogo. Imekaa kama ulimi ya ng'ombe. Kichwani mawe nyeusi, kenge wanaota jua. Katikati senetwet na maua yake ya njano, na mti moja mkubwa, mbega juu yake, mkia nyeupe zinaning'inia kama wazee wanangoja pombe. Mkiani mchanga. Hapo fisi maji wanakula, wanacheza, wanakojoa. Mtu hajawahi kujenga. Mvua ikija mto inapanda mpaka kwa shina, nani alale huko?

Leo nimeona mzungu ng'ambo, yule bwana mpya wa shamba ya chai. Ananyoosha fimbo kwa kisiwa. Kando yake kijana yangu Kiprono, nyapara, anatingisha kichwa ndiyo, ndiyo. Sikupenda hiyo kichwa.

Jumatano, 7 Februari

Nimejua. Wanakata yote. Miti, vichaka, yote. Fisi maji wasipate pa kujificha, wapigwe bunduki.

Sababu? Samaki! Bwana ameleta samaki ya kwao, kwa madebe, gari moshi mpaka Fort Ternan, halafu watu wakabeba kichwani. Akamwaga mtoni. Eti anataka kuwavua tena. Sasa si angewaacha kwa debe? Na fisi maji anakula, basi fisi maji ni mwizi. Umemwaga chakula mbele ya mlango ya mtu, akila unamwita mwizi.

Mimi samaki sijatia mdomoni. Hiyo ni nyoka ya maji. Mama Atieno anacheka mpaka kalamu inaanguka. "Kogo," ndio neno moja ya kwetu anajua, nyanya, "hiyo nyoka ndiyo imenipa haya matako." Anacheka! Mimi hasira, yeye kicheko.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeenda kwa Kiprono. Nikamwambia, kwa ule mti mkubwa iko mzinga ya baba yako. Alitundika mwenyewe, na alama ya ukoo amechoma kwa moto. Nyuki wako ndani. Mti ya mzinga haikatwi mpaka mwenyewe apande, ateremshe. Na mwenyewe amekufa, kwa hivyo mwenyewe ni wewe.

Akasema, "Mama, kazi ni kazi."

Nikasema, basi mursik ya kibuyu yangu usikunywe tena. Kunywa chai ya bwana.

Mke wake akashika mdomo. Mama kumnyima mtoto kibuyu si maneno ya mchezo. Na sikuwa nacheza.

Jumamosi, 10 Februari

Wamekata. Nilikaa ukingoni, niliona yote. Senetwet ilienda kwanza, maua yote kwa maji. Mbega walivuka kwa kuruka mawe, watoto wamebanwa tumboni. Bwana alipiga fisi maji wawili. Mmoja alielea, tumbo juu, kama gunia. Nilitukana kwa lugha ambayo Mama Atieno haiandiki.

Halafu mti. Vijana wetu waliona alama, wakaweka shoka chini. Wale wa kutoka Kikuyu wakamuuliza, "Nyapara, tukate sisi?" Kiprono akaangalia juu. Akaangalia mimi. Akaangalia juu tena. Kupanda hajui, alienda kwa mashamba ya wazungu akiwa mdogo sana. Akasema, "Hiyo muache. Ni ya baba yangu."

Sasa unasema! Fisi maji wamekufa, mbega wameenda, ndio umekumbuka una baba. Sikumsamehe. Andika hivyo: sikumsamehe.

Jumanne, 13 Februari

Bwana ameona mti imesimama. Amemtoa Kiprono kwa unyapara. Sasa anabeba kikapu kwa mstari, anachuma chai na wale aliokuwa anawapigia kelele. Wanamtania, "Nyapara wa nyuki, chuma majani mawili na jicho, ile ncha changa!" Anachuma.

Mti, bwana amesema itakatwa yeye akirudi kutoka safari. Vijana wamesema watakuwa wagonjwa siku hiyo. Wote.

Nimekasirika na bwana, na samaki, na Kiprono. Nimekasirika mpaka ng'ombe amenikatalia maziwa.

Jumapili, 18 Februari

Kiprono alikuja. Hakuomba kitu. Alikaa mlangoni, mikono imechanika na chai. Nilichukua kibuyu, mursik ya makaa ya mwisho, nikamjazia kikombe. Akakunywa yote, akafuta kikombe na kidole kama alivyofanya akiwa mtoto.

Tulivuka pamoja. Majivu, visiki, mti moja. Nyuki wanaimba.

Mkiani, kwa mchanga, kulikuwa na nyayo. Mbichi, ina ngozi katikati ya vidole. Na magamba ya samaki ya bwana, yanang'aa.

Kiprono alitazama ng'ambo, hakuna mtu. Akavua kiatu, akafuta nyayo na mguu, polepole, mpaka majini.