Kila Swali Nilijibu Ndiyo

Mpendwa Baba Neema,

Hapa Area D tupo, tunasukuma siku. Nimekaa mbele ya ile laptop yako kuukuu, na leo hata machozi yamegoma.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimrekodia mama yako salamu humu? Tangu apofuke, kila Jumapili ulifunga mlango ukamsalimia kwa Kigogo: watu, mbuzi, mtama, mvua, mpaka jirani wa jirani. Nilikuwa nakucheka, "Mwenzetu, bado tu hujafika kwenye habari yenyewe?" Nawe unanijibu, "Salamu ndiyo habari yenyewe." Kisha unaziweka kwenye kadi ya redio yake, inapelekwa kwake Kibakwe kwa basi.

Miezi minane baada ya kukuzika, kadi ikafa. Mama akapiga simu: "Mwanangu, niwekee tena sauti ya mumeo." Nikamwahidi, maana zote zilibaki kwenye laptop.

Laptop ikagoma kuwaka. Fundi wa mjini akaitazama, akasema, "Dada, huu mfumo wa marehemu, Linux, siuwezi. Mfumo ndio umekufa, mafaili yapo. Weka upya tu."

Nikachukua flashi yako, yenye ile Linux nyepesi uliyoisifu kuwa haina makorokoro. Kweli haina! Haina picha, haina cha kubofya, haina hata huruma. Kioo cheusi na kimstari kinachowaka na kuzima. Ikadai intaneti ili ipakue kitu cha kuiwezesha kupata intaneti. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Maelekezo nayo yako huko huko kwenye intaneti. Wewe ungeandika maneno mawili matatu huku unapuliza chai. Mimi nilihangaika hadi nikachomeka simu kwa waya, ikakubali.

Ndipo ikaanza kuuliza. Swali baada ya swali, kwa Kiingereza cha kifundi. Na unajua tulivyolelewa: ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri kwanza, hata kama ndani kuna msiba, mabaya yanafuata baadaye, taratibu. Nikaijibu hivyo hivyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Swali la mwisho nililielewa nikiwa nimeshajibu: lilikuwa linauliza kama ifute diski yote.

Sasa inawaka vizuri, Baba Neema. Nyepesi kweli. Nimepekua kila pembe, hamna kitu. Fundi niliyemrudia amesema yaliyofutwa hivyo hayarudi. Nimekupoteza mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu.

Mama amepiga tena asubuhi. Ameshanunua kadi mpya, ameshawaalika majirani Jumapili waje wasikilize. Anasema ukimsalimia huwa anaitikia kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Nitaenda mwenyewe, jambo hili siwezi kumtuma mtu. Nitamkuta ameketi, redio mapajani, yuko tayari kuitikia.

Lala, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema