Kijiji cha Mwisho kwa Mvuto

Jumanne, 8 Julai

Shambani tangu alfajiri. Salfa puani, machoni, mpaka kwenye chai. Mikorosho imepuliziwa, mimi nimepuliziwa zaidi.

Nimerudi nikamkuta Mwenyekiti Chande amekaa barazani kwangu na kofia yake ya mikutano. Kofia ile haivaliwi bure. Kesho anakuja mtu wa kupima. Nikauliza, kupima viwanja? Hapana. Kupima mvuto wa kijiji. Nikacheka mpaka nikakohoa unga wa njano. Mimi mwenyewe sijapimwa mvuto tangu siku niliyoposwa.

Mgeni atalala kwangu. Nina chumba cha Mwanaidi na choo chenye mlango. Haya.

Mwanaidi hajapiga simu. Kwetu mimba ya kwanza huletwa kwa mama. Yeye kakaa Mtawanya kwa mkwewe, ananiuliza, "Mama, huko kuna nini?" Kuna mimi. Kumbe sitoshi.

Jumatano, 9 Julai

Mgeni kafika. Dada Neema, mtu wa bara, mpole, viatu vyeupe. Viatu navihurumia.

Nimempikia ming'oko, mizizi yetu ya porini. Alikuwa hajawahi kuiona, akala ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa njaa. Nikamchimba taratibu. Wanapima vijiji vyote vya pwani hii mpaka Ruvuma inapoingia baharini. Kila kaya inaulizwa swali lilelile mara tatu. Mkipata zahanati, utabaki au utahama? Mkipata barabara ya changarawe, je? Msipopata kitu, je? Majibu yanaingia kwenye kishikwambi, vijiji vinalinganishwa, na serikali inaona sera ipi inavuta watu wapi. Nimeelewa vizuri. Darasa nililipata dogo, ila magazeti ya kufungia vitumbua nimeyasoma yote kabla ya kuyafunga.

Alasiri Mwenyekiti kapita nyumba kwa nyumba. Amri: ficheni. Kisa ni ule mwaka wa mbuzi. Walikuja watu na karatasi, waliolia wakapewa mbuzi, waliojisifu wakapewa mkono wa kwaheri. Tangu hapo kijiji hiki kinajua kulia. Sola zimeshushwa mapaani. Pikipiki zimesukumwa mashambani. Jirani yangu Bi Fatu kalaza tivii chini ya kitanda, kaifunika mkeka kama maiti. Mwenyekiti kavua hata saa.

Nikamwambia, Mwenyekiti, huyu hapimi umaskini, anapima mvuto.

"Mama Mwanaidi, mtu akija na maswali sisi ni maskini kwanza. Mengine baadaye."

Nimesema mara moja. Sitasema ya pili. Kichwa ni chake.

Ijumaa, 11 Julai

Nimezunguka na Neema kama mwenyeji wake. Sijaona mchezo mtamu kama huu tangu nizaliwe.

Utahama? Hata leo! Mkipata zahanati? Tutahama. Barabara? Ndiyo kabisa, tutahamia juu ya hiyo barabara. Bi Fatu kavunja rekodi.

"Mwanangu, hapa hata kuku wanataka kuhama. Wanakosa nauli tu."

Huyo ndiye Bi Fatu ambaye mama yake alivuka Ruvuma naye akiwa mgongoni, akaapa hatavuka maji mengine mpaka kufa. Na hakuvuka. Kazikwa hapa. Bi Fatu mwenyewe ukimwambia akalale siku mbili Mtwara mjini anaumwa kichwa.

Kilichoniuma ni boma la zahanati. Tofali tulifyatua wenyewe, maji tulibeba wanawake kichwani, kuta zimesimama zinangoja paa tu. Mwenyekiti kamzungusha Neema njia ya nyuma ili asilione. Watu wenye kuta, anasema, wataonekana wana nguvu. Nilitaka kusema. Kanikanyaga mguu. Ana mguu mzito kwa mtu anayejiita maskini.

Zamu yangu ilipofika nikajibu: nitabaki. Nitabaki. Nitabaki. Neema kainua macho kwenye kishikwambi. Nadhani nimemharibia mstari.

Jumapili, 13 Julai

Mgeni kaondoka. Sola zimerudi juu, tivii imefufuka. Mwenyekiti anatembea kama mtu aliyekwisha kuchagua mbuzi wake.

Mwanaidi kapiga. Mkwewe kanunua beseni la kumwogeshea mtoto. La buluu, kubwa. Beseni! Kana kwamba kwangu huyo mtoto angeogea kwenye kifuu.

Sikukasirika. Nimetwanga kisamvu mpaka kikawa maji.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya. Niiandike ipite.

Tumeitwa kijiji cha barabarani kusomewa matokeo, uwanja wa shule. Karatasi kubwa ukutani, rangi rangi. Kijani wanaovutia, njano wa kati, nyekundu sisi. Pakiwa na zahanati, wa mwisho. Pakiwa na barabara, wa mwisho. Pasipo na kitu, wa mwisho kwa mbali. Ukituangalia kwenye ile karatasi unashangaa nani alikuwa amebaki wa kujibu maswali.

Kisha uamuzi. Mabati ya zahanati ya ukanda huu yataenda penye mvuto. Wa kwanza ni haohao wa barabarani, ambao hawajachimba hata msingi. Wenzetu waliambiwa wageni wanakuja, wakafagia, wakaazima friji ya muuza soda wakaiweka ofisi ya kijiji. Kila mmoja kajibu atabaki milele na milele. Uongo wao ulikuwa kama wetu. Wao waliutazamisha mbele.

Tunatoka, bwana mmoja wa hapo kapaza sauti: "Poleni jamani! Karibuni mhamie kwetu, si mlisema hata leo?"

Watu wakacheka. Na mimi ningecheka, ingekuwa si zahanati.

Tukarudi kwa miguu. Bi Fatu akasema tulipofika kwenye mikorosho yetu: "Mama yangu alinivusha mto ili niwe nyekundu?"

Jumapili, 17 Agosti

Neema kaja mwenyewe. Kukaa kwake pale mbele ya Mwenyekiti kulitaka moyo. Mwenyekiti kakiri yote, sola, pikipiki, saa. Kaomba maswali yaulizwe upya.

"Mzee, niliuliza kaya zote. Mliniambia mtaondoka. Ningeandika nini?"

Kweli, angeandika nini. Nimetafuta njia ya kumchukia nimeikosa. Hiyo nayo imeniudhi.

Nikamchukua mpaka kwenye boma. Kasimama katikati, chumba cha kujifungulia, katazama juu. Mbingu tupu. Kunguru mmoja.

"Mama, hii haikuwemo kwenye majibu."

Hukuonyeshwa, nikamwambia.

Ataandika maelezo ya ziada. Yatasomwa kwenye awamu nyingine. Awamu nyingine lini, hajui. Mwanaidi hazai kwa awamu.

Alhamisi, 21 Agosti

Kisimani wanawake wanataka kumvua Mwenyekiti uenyekiti. Wanaume barazani wanataka hivyohivyo, polepole zaidi. Nimewasikiliza wote. Kila mtu anasema "walidanganya". Hakuna anayesema "tulidanganya". Kijiji kizima kimejaa watu waliokuwa safarini siku ile.

Mimi nina hasira na karatasi. Nimeitwa mtu asiye na mvuto mahali pasipo na mvuto, mara tatu, kwa sera tatu. Sikubali. Hata nikiwa peke yangu sikubali.

Jioni nimesimama kwenye mwinuko wa shamba, nikatazama nyumba zetu. Jua limepiga mapaa, yanang'aa macho yanauma. Nikawaza. Tulificha sola, tivii, pikipiki. Bati hatukuweza kuficha. Hakuna kitanda cha kulifunika.

Nimelala na wazo. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 22 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa, watu wakiwa wametoka wote na wamesimama kwenye vikundi. Saa hiyo nimeichagua.

Nimepanda ngazi nikang'oa bati moja la jikoni kwangu. Misumari imelia kama nguruwe. Bati lenyewe jeusi kwa masizi. Nikajitwika. Kutoka kwangu kwenda kwenye boma ni karibu, nimepita njia ndefu. Mbele ya msikiti, mbele ya duka, mbele ya baraza la Mwenyekiti. Sikusalimia mtu. Mtu mwenye bati kichwani hapigi magoti.

Bi Fatu kanikimbilia. "Somo! Umepatwa na nini? Unahama?"

"Nahamia zahanati."

Nikaliegemeza ukutani, nikarudi nyumbani kupika.

Magharibi haijaingia nikasikia misumari inalia kwa Bi Fatu. Halafu nyumba ya pili yake. Mwenyekiti kang'oa la barazani, palepale anapoketisha wageni wake, kalibeba mwenyewe na kofia ya mikutano kaivua, kaibana kwapani. Hakuna aliyemcheka. Uenyekiti kaupata tena hapo, nadhani.

Jumatatu, 1 Septemba

Bati moja kila nyumba. Wenye makuti wametoa mbao na misumari. Kuna bati jipya, bati kuukuu, bati la kijani lililotoka Mungu anajua wapi. Mjane mmoja kaleta nusu, nyingine ilikwishaliwa na kutu. Tumepokea nusu.

Fundi analalamika. Matundu ya misumari ya zamani mengi kuliko nyota. Tumeyaziba kwa lami. Yeye analalamika, anapiga nyundo. Mdomo na nyundo, vyote viwili vinafanya kazi.

Mwanaidi kasikia habari huko Mtawanya. Kapiga. "Mama, wanasema umebomoa jiko!" Nimemwambia sijabomoa, nimelitanua. Kisha kauliza, paa la chumba cha kinamama limefika wapi? Nikajifanya simu inakatika. Acha aulize tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Paa limekwisha. Ukilitazama kutoka mwinukoni ni kama kanzu ya viraka. Zuri.

Kaja bwana kutoka ofisi ya wilaya. Kazunguka, kagonga kagonga, kasema mabati haya hayana kiwango. Hayalingani unene wala rangi.

Mwenyekiti Chande, mtu aliyevua saa kwa kuogopa kishikwambi, kamjibu mbele ya watu wote: "Sawa kabisa, mkubwa. Lete yenu leo, haya tunayashusha leoleo."

Bwana kaandika kitu. Kaondoka. Mabati yapo.

Jumatano, 22 Oktoba

Korosho zinaanguka. Mgongo hauna ruhusa ya kuuma.

Neema kapita na bodaboda. Viatu sasa vina rangi yetu. Kapiga picha ya paa, kaingia, katazama juu kwa muda. Safari hii hakuna mbingu. Nikamuuliza kwenye karatasi tuko wapi. Akasema ukweli, wa mwisho bado. Karatasi haijabadilishwa.

Nikamwambia, sisi tuandike wa mwisho, lakini na bati nalo liandike.

Kacheka, kisha kanipa habari kwa sauti ya chini. Mabati ya barabarani yamefika zamani, yamelazwa nyuma ya ofisi yao. Hakuna kuta za kuyabeba. Muuguzi waliyepangiwa anapimia watoto kwenye kibaraza cha duka. Ameomba kuja kwetu na huduma ya mkoba, kila Alhamisi, na wakubwa wamekubali. Kujifungua hapana, vifaa hakuna. Kliniki tu.

Nusu. Tumepokea nusu.

Jumanne, 18 Novemba

Mwanaidi kajifungua hospitali mjini. Msichana. Wote wazima.

Nilikuwepo. Mkwewe alikuwepo na beseni lake. Mimi mbishi, si mwendawazimu. Penye daktari ndipo pa kuzalia, nimelisema mwenyewe mbele ya mama mkwe, likanikwama kidogo, likapita.

Lakini arobaini ni kwangu. Mwanaidi kasema yeye, sikumchokoza. "Si kuna Alhamisi?" kasema.

Ipo, mwanangu. Alhamisi ipo.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua imeanza. Ndogo, ya kujaribu.

Tumempeleka mtoto kliniki. Kinamama wamejaa, hata wawili watatu wa kutoka barabarani, wameketi mwisho wa benchi. Bi Fatu kawasogelea, nikaogopa. Kawaambia tu, "Karibuni. Mmehamia lini?" Wakacheka wote, na wao.

Mzani unaning'inia kwenye boriti. Mtoto kawekwa kwenye kile kikaptula, miguu nje, ngumi juu. Kalia kijiji kizima kikasikia. Hataki kupimwa. Sikumbembeleza.

Nikatazama juu. Bati langu nimelijua kwa masizi. Liko palepale juu yake. Halivuji.

Jikoni kwangu kunavuja. Beseni la buluu limekuja na mizigo ya Mwanaidi, nimeliweka chini ya tundu. Kubwa kweli. Linafaa.

Mtoto kalala. Mama yake kalala. Mvua inasikika kwenye beseni.