Redio ya Mtaani Ilitangaza Kifo Changu: Je, Niishtaki?

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako nikiwa mzima wa afya, na nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi wa huku kwetu hawakuwa na hakika nalo hadi juzijuzi. Mimi ni fundi wa saa, kibanda changu kiko karibu na mashine ya kusaga unga, na wateja wananiita Fundi Saa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nyuma ya mashine hiyo ndiko iliko redio yetu ya mtaa, chumba kimoja tu chenye trei za mayai ukutani ili kupunguza mwangwi, mtambo mdogo kama sanduku la viatu, mlingoti umefungwa kwenye mnara wa tangi la maji, na ukishavuka tanuri za matofali huipati tena, unasikia mikwaruzo tu. Hakuna anayelipwa pale. Mtangazaji wa asubuhi ni mshonaji wa nguo, tunamwita Dada Taarifa, na yeye ndiye anayetuambia maji yanakatika lini, chanjo za watoto ni siku gani, mbuzi wa nani kaonekana wapi, na bibi wa jirani yangu alipopotea alirudishwa nyumbani kabla familia haijamaliza kugawana njia za kumtafuta, kwa sababu Dada Taarifa alimtaja hewani mara moja tu.

Sasa Shangazi, nilisafiri kwenda mji mwingine kutafuta vipuri, na kwa kuwa niliondoka ghafla nikamwomba muuza betri wa kibanda cha jirani apige simu redioni ili wateja wangu wasihangaike, naye akapiga, akasema vizuri kabisa, "Fundi Saa amesafiri, wateja wake wawe na subira," lakini mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma, laini ikakatika kabla hajaulizwa lolote, na Dada Taarifa akawa amesikia "amefariki". Akatangaza kwa huzuni, akaweka na wimbo wa maombolezo. Mke wangu aliyasikia hayo akiwa anakunja nguo, akajua basi nililopanda limepata ajali, akanipigia, simu yangu imezimwa, maana mimi nikisafiri huizima kutunza chaji. Hata muuza betri naye aliamini, alidhani ajali imetokea baada ya yeye kupiga simu, na nimeambiwa alilia kuliko wote.

Kesho yake narudi na mfuko wangu wa vipuri, nakuta turubai limefungwa mlangoni kwangu, viti vimejaa hadi barabarani. Nikajua aliyekufa ni mke wangu. Nikamuuliza bwana mmoja aliyekaa pembeni, "Nani amefariki?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Fundi Saa. Kaenda na saa yangu." Nikamwambia saa yako iko tayari tangu wiki iliyopita. Hapo ndipo aliponitazama, na kiti chake kikabaki peke yake.

Sitakuchosha na vilio na vicheko vilivyofuata, ila kuna jambo moja lazima nikuambie. Mstari wa mbele alikuwa amekaa kaka yangu, anayeishi upande wa pili wa mto, ambaye tuliacha kusemezana tangu mazishi ya mama kwa maneno ambayo hakuna kati yetu aliyetaka kuyafuta. Shati lake alilifunga vifungo vibaya. Alinishika mabega yote mawili, akaniambia, "Mdogo wangu, usinifanyie tena hivi." Tangu siku hiyo anakuja kibandani kila jioni, anakaa kwenye benchi, ananisimulia habari zilezile, na mimi nazisikiliza.

Taabu iliyobaki ni hii. Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi ofisini mjini, alikuja usiku kucha akidhani anakuja kunizika, na hasira zake hazijashuka hadi leo. Anasema, "Baba, huu si mzaha, redio ya namna hii ifungwe." Afisa wa ofisi inayotoa vibali vya redio naye amekuja, akasema kibali cha redio yetu kinakaribia kuisha, na kwamba malalamiko yangu yakiwa na sahihi yangu yatatosha kuwanyima kingine. Mwenyekiti wao, muuguzi mstaafu, alifika kibandani akasema tu, "Fundi, hatukuombi kitu. Tumekosa. Ukisaini tutaelewa," na maneno hayo yakanielemea kuliko kama angepiga magoti. Dada Taarifa ameacha kutangaza kwa aibu, asubuhi ni nyimbo tupu, na juzi chanjo iliahirishwa, kina mama wakakaa na watoto kwenye benchi la zahanati bure. Mke wangu yeye hasemi kitu, redio ameifungia kabatini. Binti anasema nichague, familia au redio. Nami Shangazi, moyoni nina furaha, nimempata kaka yangu, na naona haya kufurahi. Nisaini au nisisaini?

Fundi Saa, mzima

*

Fundi, pole, na hongera kwa kuwa hai. Nimeisoma barua yako nikacheka, nikawasomea wenzangu wa chumba cha habari nao wakacheka. Kisha nikairudia peke yangu, na safari hii sikucheka.

Umeniandikia habari za kaka, binti, afisa, mwenyekiti, hata za bwana mwenye saa. Mke wako amepita humo haraka kama mpita njia. "Hasemi kitu." Na wewe umemuuliza? Maana wewe, baba, ulikuwa hai muda wote na ulijua uko hai. Aliyekuwa mjane tangu asubuhi ile mpaka uliporudi ni yeye. Kilichompata hakikukupata wewe, kwa hiyo kusamehe redio si kazi yako peke yako, na kuishtaki vilevile.

Kufurahi usione haya. Kaka yako amerudi, mshike. Binti yako usimkaripie, ile hasira ni hofu ambayo haijapata mahali pa kutua. Mkalishe, mwambie umesikia. Lakini mtu mmoja akikosea jina la dawa hatubomoi zahanati, na redio inayosikika mpaka tanuri za matofali tu ndiyo hiyohiyo inayojua bibi wa jirani yako anafananaje. Redio kubwa za mjini zisingemtaja hata kwa bahati mbaya.

Dada Taarifa alikosea, tena vibaya. Habari ya kifo haipokelewi kwa simu iliyokatika. Unapiga tena, unauliza wewe ni nani wa marehemu, unatuma mtu nyumbani, kwao huko ni mwendo wa miguu tu. Mwenyekiti aliandike hilo kwa herufi kubwa alibandike mbele ya kipaza sauti. Na wewe, msafiri unayezima simu na kumwachia muuza betri habari zako, una sehemu yako ndogo. Usijitoe.

Sasa nikuambie nilichofanya. Kabla ya kuichapa barua hii nilipiga namba uliyoandika, kuhakikisha. Akapokea mkeo. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Wote wamekuja kumwomba radhi yeye. Mimi hakuna aliyenijia." Nikamuuliza kuhusu redio. Akasema, "Ya nini kuifunga? Nimeikosa asubuhi. Siku zinakwenda sijui hata kama maji yatatoka." Halafu akalia kidogo, akacheka kidogo, akaniuliza kama tunachapa pia ushauri wa kupunguza chumvi iliyozidi kwenye mchuzi.

Kwa hiyo usisaini. Afisa mwandikie kwamba kosa limetokea, utaratibu unabadilishwa, na wenye msiba hawaombi kufungiwa kwa mtu. Mwonyeshe mkeo barua hiyo kwanza, aongeze lake, na sahihi yake itangulie yako. Leo hii, kabla hujafungua kibanda, nenda kwa Dada Taarifa, mwambie aache cherehani, mwende pamoja nyumbani kwako. Ukifika naye mlangoni, mwache aingie peke yake. Wewe kaa nje mpaka uitwe.

Shangazi