Mipira Themanini ya Gesi

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unasemaje leo? Mimi mzima, ila kiwandani nimeshachokoza nyuki. Meza yako ya ukaguzi nimeirithi, lakini ule utaratibu wako wa kufungua maboksi matano ya juu, karibu na mlango, nimeuacha. Wafungaji wanaujua, mipira ya majiko ya gesi iliyo mizuri wanaipanga huko makusudi. Mimi kwa kila mzigo wa mipira elfu moja na mia mbili napiga kura ya namba, natoa themanini popote kura ilipoangukia, hata chini kabisa. Mibovu isipozidi miwili, mzigo unapita. Ikifika mitatu, unarudi. Jana ilikuwa saba. Meneja ameninunia.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio uleule, haunisikii. Meneja alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema binti yangu ana kichwa kigumu. Anataka uchukue themanini mingine, na ikishindikana, ishirini tu. Nakusihi ulegeze kamba. Miaka thelathini nilifungua ya juu na hakuna aliyelalamika.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo. Kichwa kigumu nimekitoa kwako, usijifanye hukijui. Mpango wa ukaguzi unachaguliwa kabla ya kufungua boksi. Ukichota tena na tena mpaka upate jibu unalolitaka, hujakagua kitu. Na hao wasiolalamika, Baba, ulijuaje? Mpira unaovuja haurudi kiwandani, unawaka jikoni kwa watu. Inaniuma kukuandikia hivi, lakini sisaini. Wakinifukuza, wanifukuze.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba ya shikamoo ambayo hujanitumia. Najua wamekusimamisha kazi, na najua umeninunia. Barua yako ilinikasirisha siku tatu. Ya nne ikaniingia.

Jana meneja alinitumia gari. Kuna mzigo mpya, na mteja haupokei bila saini ya mkaguzi, na yangu bado inatambulika. Nikakuta maboksi matano ya juu yameshawekwa mezani, na kiti chenye mto. Nikaomba karatasi yako ya namba, nikapiga kura. Nikainama mwenyewe mpaka maboksi ya chini, wafungaji wananitazama, nikatoa themanini. Tukaijaza hewa, tukaizamisha majini. Kumi na moja ikatoa mapovu.

Meneja akasema, "Mzee, chagua mingine."

Nikamwambia, "Nimeshachagua."

Nikaandika kwamba mzigo umekataliwa, nikasaini. Gari la kunirudisha halikuonekana, nikatembea.

Njoo Jumamosi na karatasi za barua. Tuwaandikie wateja kuhusu mizigo niliyoipitisha mimi.

Baba yako