Tumeagwa Kwenda Riyadh, Tumejificha Ilemela

Mama Immaculata, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na huwa nacheka sana shida za wenzangu kwenye safu yako, sasa naona zamu yangu imefika, nakuomba unisaidie, usinicheke sana, na jina langu usilitaje kabisa.

Mume wangu, Baba Shimba, ni fundi wa majokofu, alikuwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na tangu biashara ifunguliwe na wageni waanze kumiminika mkono wake umejulikana, basi mwaka huu akapata kazi Riyadh, mji ulio katikati ya jangwa, atatunza vyumba vya baridi vya nyama na samaki, na akaruhusiwa kwenda na mke na watoto. Wakala wa Dar es Salaam alipomwambia tu kwamba amepita, kabla hata pasipoti zetu hazijatoka, akaacha kazi akachinja ng'ombe. Mama Immaculata, tuliagwa pale Mkuyuni sijawahi kuona, kwaya ikaimba, mchungaji akatuombea tuvuke jangwa kama wana wa Israeli, nikapewa vitenge, rafiki yangu Suzana akalia mpaka kilemba kikamwanguka, nyumba tukairudisha kwa mwenyewe, kitanda na kabati tukagawa, halafu wakala akapiga simu kwamba visa za familia bado, tusubiri kidogo.

Hicho kidogo kimekuwa miezi. Baba Shimba akasema mtu akishaagwa haonekani tena, watu wamekula ng'ombe wako halafu wakukute unanunua nyanya? Tukahamia kwa wifi yangu Getruda, Ilemela, chumba cha uani juu ya mawe, karibu na uwanja wa ndege. Watoto hawaendi shule wala hawachezi nje, na ndege ikiunguruma Rachel wangu mdogo anakimbilia viatu. Baba Shimba kwa kuwa hana kazi amekuwa mwalimu wa jangwa, jua likiwa utosini anafunga mlango na dirisha, tunakaa chini ya bati tunatoka jasho ili tuzoee, kuoga ni kopo moja kila mtu, na huku nikichungulia mlangoni naliona ziwa lote limetulia na maji yake.

Sokoni nakwenda nimevaa baibui aliloninunulia kwa ajili ya Riyadh, uso nimefunika, watu wananiamkia asalaam aleikum nami Mlutheri naitikia. Siku moja nilisimama bega kwa bega na Suzana kwenye meza ya dagaa, akawa anamwambia muuzaji, "Mama Shimba ametusahau jamani, saa hizi anaoga maji ya marashi," nami asubuhi ile nilikuwa nimeoga kopo, nilikaribia kumjibu.

Hayo yote ningeyavumilia. Kinachoniua ni mama yangu, yuko Magu. Hakuja kutuaga kwa sababu ilikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, nikasema nitakwenda mwenyewe nimuage vizuri, ndipo tukaanza kujificha. Baba Shimba akashauri tumrekodie kaseti kama vile tumeshafika. Nikamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu, tumefika salama, huku ni joto na mchanga mtupu," watoto wakamsalimia bibi yao, katikati mvua ikaanza kupiga bati kwa nguvu, na jogoo wa Getruda naye akawika. Nikataka turudie, Baba Shimba akasema betri zinaisha, mama atadhani ni mashine ya kupoza hewa. Getruda akampa kaka yangu Maige aipeleke, akadai imeletwa na msafiri.

Juzi Maige amekuja kwa Getruda, mimi niko nyuma ya pazia nasikia. Anasema mama alilazwa kwa kifua, wamemrudisha nyumbani, anakunywa uji tu, na sasa ameanza kuweweseka. Kila siku anataka kaseti iwekwe, lakini salamu zetu hazitaki, anataka pale penye makelele tu, halafu anauliza, "Mvua ya huko jangwani haijakatika? Mwambieni mwanangu ikikatika aje." Maige analia, anasema akili ya mama imeondoka. Mimi nikang'ata khanga nisisikike.

Na sasa visa zimetoka, tunaondoka mwisho wa mwezi, mkataba miaka miwili. Baba Shimba anasema nikikanyaga Magu habari zitafika Mkuyuni kabla yangu, atakuwa kichekesho na hataweza kuinua uso tena. Nampenda, si mtu mbaya. Je, niende kwa mama nimwaibishe mume wangu, au nipande ndege bila kumwona aliyenizaa? Nijibu haraka, sili sinywi.

Ni mimi Aliyeagwa, Ilemela.

JIBU LA MAMA IMMACULATA

Marahaba, Aliyeagwa. Umeniomba nisikucheke sana. Nilijitahidi, nikashindwa ulipofika kwenye kopo.

Umeniambia nifiche jina lako nami nimelificha. Ila mwenyewe umeandika Baba Shimba, umeandika Suzana, Getruda, Maige na Rachel, ukaongeza ng'ombe na kwaya. Mafundi majokofu walioagwa hivyo hapa Mwanza hawafiki wawili. Nimeyaacha yote kama ulivyoyaandika, makusudi. Gazeti hili Mkuyuni linasomwa, na lisiposomwa linafungiwa maandazi, kwa hiyo unaposoma hapa siri yenu imeshakwisha. Usinishukuru.

Mimi ni Mhaya, na ninyi watani zangu Wasukuma hamchoki kutusema kwa majivuno. Leo nawaachia nafasi hiyo, mumeo ametupita mbali. Kwetu Bukoba mtu akiagwa halafu safari ikakwama, anatoka nje, anasema ndege imemkosea adabu, maisha yanaendelea. Mumeo anajua kuhifadhi sangara, lakini aibu haihifadhiwi. Ukiifungia ndani inavunda. Mficha uchi hazai, na huyu ameficha mke, watoto na shule yao, ili watu waliokwisha kuisahau ile nyama wasimwone akinunua nyanya. Na hayo mazoezi ya jua, mwambie aache leo. Watu wa Riyadh wenyewe wanalikimbia jua, ndiyo maana wamemwita fundi wa baridi!

Sasa tuje kwa mama. Mwanangu, mama yako haweweseki. Mtu aliyelima mpunga Magu maisha yake yote asiijue mvua ikipiga bati? Amesikia mvua, amesikia jogoo, akajua uko karibu. Angeweza kukuumbua mbele ya Maige, hakutaka. Anaumwa kitandani na bado anakutunzia siri yako, halafu anakuita kwa maneno ambayo ni wewe peke yako ungeyaelewa. Nawe ukang'ata khanga nyuma ya pazia. Hapo sikucheka, nililia.

Kwa hiyo vua hilo baibui ulikunje vizuri, litakufaa huko linakohitajika. Wavalishe watoto viatu, Rachel aone siku moja amevivaa akasafiri kweli. Pitia Mkuyuni mchana kweupe, mwone Suzana. Atapiga kelele, atakutukana, atakucheka mpaka kilemba kianguke tena, kisha yeye ndiye atakayekubebea mzigo mpaka kwenye gari la Magu. Baba Shimba muende naye. Najua mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake, basi asimame nje ya mlango, aamkie, na aseme kwa kinywa chake kwamba hakuwahi kufika Riyadh na kwamba kaseti ilikuwa shauri lake. Akikataa kwenda, nenda na wanao, umwachie kopo.

Kazi asiiache, kazi ni nzuri. Atangulie yeye mwisho wa mwezi, akaangalie nyumba, shule na maji. Wewe ubaki umuuguze mama mpaka ainuke, au mpaka Mungu apange lingine. Wakala wa Dar atalalamika kuhusu visa yako. Mwambie asubiri kidogo, si ndilo neno lake? Watoto warudi shule Jumatatu. Na siku wewe na watoto mtakapomfuata, msichinje tena. Chai inatosha, na muagwe uwanjani, ndege mkiiona kwa macho.

Mkuyuni nzima imekuaga, isipokuwa yule aliyekuzaa. Ukifika usianze na maelezo wala kilio. Mama ameuliza swali na amelingojea jibu siku nyingi. Kaa kitandani kwake, umshike mkono, umwambie: "Mayu, mvua imekatika. Nimekuja."