Ninalififisha gitaa la kijana ili la marehemu mke wangu lisikike

Mpendwa Mama Soila,

Naomba msaada wako mapema, maana misa ya kumwombea mke wangu ni Jumapili ijayo, na wimbo bado uko mikononi mwangu na mimi mwenyewe sijiamini nao. Mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi hapa Kansay, elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi kwaya yetu ya parokia kwa kompyuta nyumbani, chumba nimekizungushia mablanketi ukutani ili sauti isirudi, na mpiga gitaa wetu alikuwa mke wangu Eva, aliyefariki mwaka jana wakati wa palizi, na kabla hajaugua alirekodi gitaa la wimbo mmoja peke yake, bila mwimbaji, na mwanzoni kabisa unamsikia akiniambia, "Baba Hyasinta, hebu funga mlango, kuku wanaingia," nami sijawahi kuyakata maneno hayo.

Sasa binti yetu Hyasinta anataka wimbo huo umaliziwe kwa ajili ya misa, yeye ataimba, na amemleta kijana anaitwa Lengai, mtu wa Malambo anayeosha magari ya watalii pale Karatu mjini, apige gitaa la pili. Kijana ana adabu, sina la kumlaumu, Eva mwenyewe ndiye aliyemfundisha, naye alikuwa akimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na mimi wakati ule nilikuwa nacheka tu. Lakini siku ya kurekodi alipiga vilevile kama Eva, nyuzi zilezile, mahali palepale, kwa sababu alikuwa amelisikiliza gitaa lile kwenye simu mpaka akalikariri, hata kule kusita kabla ya kiitikio, na kusita kule, Mama Soila, hakukuwa sehemu ya wimbo, kulitokana na kidole cha Eva kilichopona vibaya baada ya kubanwa na mlango wa ghala, mimi ndiye niliyekifunga kitambaa, na Hyasinta akalia akasema, "Baba, ni kama Mama yupo," nami nikasikia kitu kinanipanda kifuani ambacho si huzuni, ni wivu, nilitaka nimnyang'anye lile gitaa.

Nilipoyaweka magitaa yote mawili pamoja yakawa uji. Ukiinua moja, jingine linazama. Basi nikaanza kulipunguza la Lengai, nikaondoa sauti nzito, nikaondoa na ya katikati, kila mara nikijiambia kuwa nampisha Eva, mpaka likabaki la kulialia tu kama bati. Nilipowasikilizisha wenzetu, Vedasto anayeimba besi akasema, "Jamani, hili ni gitaa au kengele ya mbuzi wa Malambo?" Watu wakaangua kicheko. Lengai naye akacheka kidogo, akasema, "Samahani mzee, labda nyuzi zangu zimechakaa, nitatafuta nyingine," nami nikamwacha aamini hivyo. Hyasinta hakucheka. Baadaye jikoni akaniambia, "Baba, masikio yako ni mazima. Umefanya makusudi. Kama gitaa lake litabaki hivyo, mimi siimbi."

Nifanye nini? Nikimrudishia sauti yake, Eva anafunikwa. Nikimtoa, nampoteza binti yangu. Na je, ni dhambi kumwonea mtu wivu kwa sababu anamkumbuka mke wangu vizuri kuliko mimi?

Thomasi, Kansay, Karatu

Baba Hyasinta,

Pole sana. Pole hiyo ipokee kwa mikono miwili, maana yanayofuata ni makali.

Umemwacha mtoto wa watu aende kutafuta nyuzi wakati nyuzi zake ni nzima. Huko si kuchanganya muziki, ni kumchongea mtu kwa kompyuta. Afadhali ungemtukana, angejua pa kujibia.

Barua yako nimemsomea fundi mitambo wetu hapa redioni. Anasema magitaa mawili yakipiga noti zilezile katika kimo kimoja lazima yafunikane, hata wapigaji wangekuwa malaika. Kupunguza kunaruhusiwa, lakini kidogo: la Eva liachiwe sauti ya katikati, la Lengai lipungue hapohapo tu, kisha moja lipeleke spika ya kushoto, jingine ya kulia. Wewe umepunguza kama mtu anayechuna ngozi.

Tena dawa yenyewe haiko kwenye kompyuta. Miaka yote unarekodi kwaya. Umewahi kusikia watu wote wakiimba sauti ya kwanza, mkaiita hiyo kwaya? Lengai anapiga sehemu ya Eva kwa sababu hakuna aliyempa sehemu yake. Alikuja kwa heshima, akaleta alichofundishwa.

Na nani kakwambia anamkumbuka kuliko wewe? Yeye anajua ule wimbo unasita. Wewe unajua kwa nini. Hajui habari ya kile kidole kwa sababu hukumwambia. Umeketi na mkeo peke yako, halafu unawalaumu wanaogonga mlango.

Sasa sikiliza. Mwite Lengai kesho, usingoje mwisho wa juma. Alichekwa mbele ya watu, kwa hiyo Vedasto na wenzake wawepo. Sema, "Nyuzi zako ni nzima, mimi ndiye niliyekuharibia." Hayo tu, usiyazungushe. Kisha mrekodi upya. Mwambie apande juu kwenye shingo ya gitaa, kwenye sauti nyembamba, ajibu pale Eva anapopumzika, na Eva anapopiga, yeye atulie. Kabla ya kiitikio asiguse uzi kabisa. Na wewe usiguse kompyuta mpaka amalize.

Kama ni dhambi, kamuulize paroko wako. Mimi najua hili: marehemu haibiwi, Baba Hyasinta, husahauliwa. Nyumbani kwako mko watatu mnaokataa kumsahau, na ziko nyumba ambazo hazina hata mmoja. Usimfukuze mtu.

Mama Soila